Sikio la Kaisari

Kaisari mpya alifika Lugduno ndani ya kisanduku cha mwerezi,
sura ya nta, ndogo kuliko yai la bata,
shingo imeviringwa sufi isije ikavunjika njiani.
Wa tatu huyu tangu zabibu zilipochumwa.

Vetidio, msimamizi wa kiwanda, aliniwekea mezani
akanihesabia kwa vidole:
kidevu kimoja, siyo viwili;
shingo ipunguze, inanuka karamu;
nywele mrudishie, shada la ushindi litaficha kipara.
“Na macho?” nikauliza.
“Yatazame mbali. Popote pale.
Mradi yasitutazame sisi.”

Naitwa Filargiro, yaani mpenda fedha,
jina la kupachikwa sokoni siku niliyonunuliwa.
Miaka ishirini na sita fedha inanipita vidoleni
kama maji kwenye chekeche,
na viatu vyangu ni hivi.

Nachonga kinyume, kazi yetu ndiyo hiyo:
kushoto kuwe kulia, shimo litoe kilima,
herufi zitembee upande kama kaa.
Uongo uliochongwa kinyume kwa ustadi
ukigongwa nyundo moja
unatoka umenyooka.

Mgongoni waliagiza AMANI:
mwanamke ameshika tawi la mzeituni,
mkono wa pili ana mwenge, anachoma rundo la ngao.
Siku hiyohiyo, chini ya dirisha langu,
vikosi vilivuka daraja tangu alfajiri hadi taa kuwashwa.
Ngao zao hazikuwa na doa la moshi.
Walikwenda kulipwa amani yangu,
dinari ishirini na tano kila kichwa,
wakamuue Kaisari yule mwingine
ambaye wiki mbili nyuma nilimchonga
nikampa kidevu hikihiki.

Lilibaki sikio.
Kwenye ile nta lilikuwa limeyeyuka safarini,
bonge tu, kama mkate uliokaliwa.
“Weka lolote,” alisema Vetidio. “Nani hutazama masikio?”

Matugeno hugonga kwenye fuawe la pili.
Mabega mapana, mwendo wa taratibu,
sarafu mia nane kabla jua halijazama,
na tangu mwaka wa mafuriko hasikii kitu:
si nyundo, si jina lake,
si binti yake akimwita mlangoni na bakuli la dengu.
Wakati wa chakula nilimwashiria akae penye mwanga.
Alidhani namtafuta chawa. Akainamisha kichwa.
Nikalichonga: lile pindo la juu lililokatika ncha,
tundu lenye vumbi la fedha,
ndewe ndefu kama tone linalosita.

Ya kwanza aliigonga mwenyewe.
Akaiokota ingali moto, akaigeuza, akaisogeza karibu na pua.
Kisha mkono wake ukapanda taratibu
ukalishika sikio lake.
Akacheka kicheko cha asiyejua ukubwa wa sauti yake;
kiwanda kizima kikageuka. Mimi nikainamia tindo.

Sasa pale langoni kwa watoza kodi
nawasikia, wachuna ngozi, wajane, wauza samaki wa chumvi,
wamefumbata kiganjani kile walichobakiwa nacho, wakiambiana:
“Laiti Kaisari angesikia.”
Sisemi neno.
Kuna sikio la kufa, na kuna la fedha;
dawa hazikuwahi kulifikia hata moja.

Jana usiku kisanduku kingine kimeingia.
Wa nne. Kijana, kidevu chake halisi kabisa,
na masikio yote mawili mazima, mazuri,
kila pindo mahali pake.
Vetidio amekwenda kulala.
Nimeisogeza taa.
Nimempitisha mara moja tu, ubavu wa kulia,
karibu na utambi.