Nukta Tatu

Miaka ishirini na sita nawapaka hina maharusi wa Langoni,
ua kutoka kiganjani, shina likapanda hadi kiwikoni,
piko nyeusi ikilizunguka,
nami nikiwaambia: usikune, usioshe,
tulia mwanangu, wino haujakamata.

Kisha Mombasa. Chumba cha chini, dirisha hakuna.
Nimelala kifua wazi, huku titi, huku mshono,
na msichana wa Machakos, Mutheu jina lake,
ananiomba radhi kwa ubaridi wa vidole vyake.
Akatoa kalamu nene, akanichora.
Mstari chini ya kwapa. Mstari juu ya mfupa.
Na msalaba mdogo kando ya mshono;
akayaona macho yangu, akasema upesi,
"Mama, hiyo ni alama tu."
"Usioshe," akaniambia. "Usisugue. Tulia hapo hapo."
Nikacheka hadi kitanda kikatikisika,
ikabidi anipime upya.

Hakiumi, wanakwambia.
Kisha wanatoka wote, mbio,
mlango unajifunga, mnene kama ukuta wa Ngomeni,
unaachwa wewe na hicho kisichouma.
Mkono wa kulia juu ya kichwa
kama mtoto wa chuo anayejua jibu
na mwalimu hamtazami.
Kinanguruma kidogo, kama friji ya wifi yangu Thureya.
Yasini hujaifika nusu, mlango wazi.
Shuka, mama. Kesho tena.
Kesho ishirini na tano.

Na karatasi ya masharti:
marashi, hapana. Udi usijifukize.
Asumini shingoni, la. Liwa na dalia usijisinge.
Nikamwambia Thureya, si waandike tu
kwamba nisiwe Mwamu.

Wiki ya nne ngozi ikawa ukoko,
ule wa chini ya sufuria,
ukiugusa tu unabanduka.
Thureya, ambaye hata usingizini husema,
alinipepea usiku kucha kwa kipepeo cha ukili
asitamke neno.
Shee alipiga simu kila baada ya Isha.
"Umekula?"
Swali lake lilikuwa hilo, na siku zote hilo.
Siku moja alinyamaza muda mrefu
hata nikadhani salio limekwisha.

Sasa niko kwangu. Mistari imetoka na maji,
iliniumiza kidogo kuiona ikishuka mferejini.
Zimebaki zile za sindano, nukta tatu za buluu:
moja katikati ya kifua, moja kila ubavu.
Nilimuuliza ustadhi. Dawa ni dawa, alisema,
akiutazama mkeka.
Kwenye kioo nazisoma, hazisomeki.
Chuoni tulifundishwa nukta hufuata herufi;
hii ni shini iliyong'olewa meno yote matatu,
nukta zikaachwa zikae peke yake ngozini.

Juzi akaja Barke, binti wa nyumba ya pili, Ijumaa anaolewa.
Nikamwonyesha mkono: umevimba,
bangili za mama zimekataa kupita.
"Nenda kwa Rukia," nikamwambia, "ana michoro ya Dubai."
Akavua viatu. Akaketi.
Akaninyoshea viganja kama anayedai deni.

Ua la kwanza lilikwenda upogo.
Nililiita la Kihindi, akakubali, au alijifanya.
La pili nililipaka mkono umeegemezwa mtoni,
napumzika kila jani,
chai inapoa, mamake anachungulia, anaondoka.
"Iliuma?" Barke akauliza, chini chini.
"Hapana." Nikachora majani mawili.
"Chumba ndicho kilichouma."

Pale penye mshipa wa mkono, mahali pa jani la mwisho,
nimeweka nukta tatu, moja katikati, mbili pembeni.
Akainua mkono kwenye mwanga wa dirisha.
"Na hizi, bi?"

Tulia, mwanangu.
Wino haujakamata.