Deni la Viatu

Feruzi bin Almasi, winga ya kushoto,
bado nakudai ana sita.
Imo humu daftarini, ukurasa wenye doa la gundi,
chini ya Mbaluchi wa mikanda na karani wa forodha:
soli moja, njumu sita, mguu wa kushoto.
Wa kulia hukuwahi kuuleta.
Wa kulia, ulisema, kazi yake kusimama tu.

Mara ya kwanza ulikuja peku,
wiki ile uliyoikumbatia nguzo ya bendera kwa balozi, Maskati,
hata wakakupa karatasi isemayo u mali ya nafsi yako.
Ulikuwa umeikunja mara nne.
Ukauliza, "Yaenea ndani ya kiatu?"
Kiatu gani, nikakwambia, huna kiatu.
"Basi anza na kiatu."

Matrahi haikuwa na uwanja.
Tulikuwa na wadi kavu, kokoto, mbuzi wa watu,
na goli la boriti zilizosazwa na dari ya tajiri.
Ulipoambiwa zimekatwa Rufiji
uliupiga mlingoti mmoja kofi la begani,
"Shikamoo, bibi," ukaenda zako kupiga kona.

Mabaharia wa manowari walitufunga saba.
Mwaka wa pili, mawili.
Wa tatu walianza kuuliza yuko wapi Feruzi
kabla mashua haijagusa ngazi.

Ndipo Banyani Lakhmidasi akakuandika mlinzi wa ghala:
rupia tano kwa mwezi, pishi kumi za mchele,
na ghala lenyewe hukulilalia hata usiku mmoja.
Soko zima lilijua unalipiwa nini.
Mama yangu alitema tambuu akasema,
"Dunia hii! Jana mtu akikimbia alitafutwa kwa bunduki.
Leo akikimbia analipwa."
Nilimwomba ashushe sauti.
Ulisikia. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Bahareni wakakuchukua kwa rupia arubaini,
kampuni ya mafuta; orodhani, "fundi bomba".
Hukugusa bomba. Uligusa nyavu za Abadani, Basra, Karachi,
na kila karani wa meli aliyepita hapa
alikuongezea goli moja la kwake.
Mimi nilikuwa na habari zangu.
Kila miezi mitatu lilikuja bati la biskuti,
ndani yake kiatu cha kushoto,
nami nikakusoma kwa soli:
kisigino kimelika upande wa nje, umeanza kukata ndani;
mchanga mweusi kwenye mshono, mnacheza karibu na visima;
damu kidoleni, kavu.
Juu ya damu hukuniandikia kitu.

Halafu likaja bati lenye kiatu cha kulia.

Nilikigeuza chini ya taa.
Njumu zote zimekwisha, unyayo umepasuka,
kiatu cha mtu aliyeutwika mguu mmoja mzigo wa miwili.
Nikajua goti la kushoto limekwenda,
nikajua kabla ya kampuni na daktari wao,
labda kabla wewe hujakubali.
Nilipobandua ngozi ya ndani
ilikuwamo karatasi yako, imelewa jasho la miaka,
nyepesi kama ganda la kitunguu,
wino wote umehamia kiatuni.
Sikuisoma. Kizungu sikijui.
Niliirudisha palepale, nikashona juu yake
mishono kumi na saba
ambayo daftarini haimo.

Walikurudisha mwaka vita vilipoanza tena,
bila barua, na mkongojo wa kampuni.
Lakhmidasi alikupa ghala lile lile.
Safari hii ukalilinda kweli.

Jana ulipita hapa, mpira wa matambara
ukaviringika mpaka miguuni pako.
Uliusimamisha kwa wa kulia.
Ukautazama. Ukautazama.
"Mzee," mtoto mmoja akasema, "tupe mpira wetu."

Ana sita, Feruzi.
Sina haraka.