Pima Maji Begani

Hamdani Mchopa aliileta Datsun kwa kuvutwa,
trekta la ushirika mbele, kamba ya katani katikati,
hadi mlangoni kwangu, Chikongola.
Kibati kinasema mwaka sabini na mbili.
Chumvi ya Shangani imeongeza maneno yake chini.

"Somoe, mikanda hii hapa, ya ncha sita,
nimeinunua kwa korosho, malipo ya awamu ya pili.
Toboa sakafu, kaza. Jumamosi napanda Newala."

Nikachukua bisibisi, nikaigusa sakafu chini ya kiti,
ikapita
kama kidole katika mkate wa kumimina uliolowa chai.
Tukauona mchanga wa karakana kupitia tundu lile,
na sisimizi mmoja akiendelea na safari zake.

Mkanda hushika pale ulipofungwa, Hamdani.
Pale pakiondoka, unaondoka napo,
na wewe umo.

Nilikata kutu siku mbili.
Chuma kizima ukikigonga hujibu,
kilichooza hukohoa;
nilikata mpaka kikohozi kikaisha.
Kila tundu nikaliwekea bamba chini,
upana wa kiganja changu, unene milimita tatu,
pembe nimezilaza kwa tupa
zisije zikakata kile zilichotumwa kukilinda.
Akaniletea bolti. Nikatazama vichwa: havina alama.
Za kitanda hizi, nikamwambia, nenda ukazilalie.
Akarudi jioni na zenye nane nukta nane.

Kiti. Alikitaka kirefu, aonekane.
Vaa helmeti, nikasema, kaa.
Helmeti ikagonga paa, ko!
Nikang'oa reli, nikakishusha
juu ya boriti mbili, toka kizingitini
hadi mgongo wa giaboksi. Hakitikisiki.
Nilikipanda kwa miguu yote miwili nikaruka.

Halafu mabega.
Alitaka mikanda ishuke nyuma, ifungwe sakafuni,
ndivyo alivyoona kwenye picha.
Nikatoa pima maji ya marehemu baba, mwashi,
nikailaza begani mwa Hamdani.
Usipumue.
Tone la hewa likasita, likatulia kati ya mistari.
Hapa ndipo bomba la nyuma litakapopita,
sawa na bega, au chini yake kidogo tu.
Ukivutwa toka sakafuni siku ya kugonga
utashindiliwa
kama korosho kwenye gunia la kilo themanini,
na uti wa mgongo si gunia.

Wa kiunoni ukae mfupani, chini kabisa.
Mbeleko haikazwi tumboni mwa mtoto.
Na huu wa kati ya mapaja, akacheka, akatazama pembeni.
Cheka. Bila huu utateleza chini ya yote kama sabuni.

"Mabomba ya paa tuyaache, pesa imekwisha."
Nikazima mashine.
Mkanda wa zamani ungekuacha uiname.
Huu utakushika wima
paa likishuka.

Akauza baiskeli. Nikachomelea hadi Ijumaa,
hadi Jumamosi, wenzake wakapanda Newala,
tukasikia matokeo redioni, hakusema kitu.

Jumapili akaja mama yake, Bi Fadina,
stakabadhi ya ghala bado imekunjwa kwenye pindo la kanga.
Akavuta kila mkanda kwa uzito wake wote,
akagonga bamba, akasikiliza.
"Umemfunga vizuri," akasema.
"Moto ukiwaka, anatokaje?"

Wiki mbili nilikuwa nimesema kushika, kushika.

Nikamwonyesha Hamdani kitufe cha kifuani:
geuza, ncha zote zinaachia.
Nikamfunga macho kwa kitambaa cha grisi.
Bi Fadina akakaa juu ya tairi, akahesabu.
Mara ya kwanza kumi na moja.
Mkono ulitafuta mlango dirishani.
Mara ya tano, saba.
Jua likahama toka boneti hadi buti,
akaendelea kuhesabu,
na kila mara mikanda ilipodondoka
alisema, "Tena."