Kwa Farasi Nisiyemjua

Kwetu Arua farasi hatuna.
Nilikuona kwenye kalenda ya duka la mbegu,
Machi na Aprili, mwaka sikumbuki,
umeinua kichwa kama ofisa anayesubiri saluti.
Leo nakuandikia kukushukuru, au kukushtaki.
Sijaamua.

Mimi ni Drileba, sajini mstaafu,
Mulago, wadi ya damu, kitanda cha tisa, dirishani.
Kiswahili changu ni cha kambini, nivumilie:
nilikipewa siku moja na buti.

Ilianza na ufizi. Damu kwenye mswaki.
Kisha madoa mekundu miguuni,
kama mtu aliyenichoma kwa ncha ya kalamu nikiwa usingizini.
Wakanitoboa nyonga kwa sindano nene, wakatafuta uboho,
wakakuta ghala lililofagiwa.
Daktari Kobusingye akavuta kiti.
"Mzee, mfupa wako hauna kosa. Umezingirwa.
Askari wa mwili wako wamegeuza mitutu,
wanaua damu ingali changa, haijavaa sare."

Nilicheka. Maasi nayajua.

Ndipo wakakuleta, yaani kingamwili zako.
Wanasema walikuchoma chembe za binadamu,
mwili wako ukazichukia,
wakakukamua chuki hiyo, wakaichuja
hadi ikang'aa kama maji ya mvua, wakaitia chupani.
Ilitua Entebbe ndani ya boksi la barafu.
Binti yangu Ezaru ameuza kinu cha kusagia mahindi
na bado anadaiwa.

Siku nne, tone kwa tone.
Usiku wa kwanza nilitetemeka hadi kitanda kikatembea.
Muuguzi Nandudu alishika reli kwa mikono miwili:
"Anapiga mateke huyu!"
Mwache, nikamwambia, meno yakigongana. Yuko kazini.

Siku ya tatu nikauliza:
hao waasi wakishanyang'anywa bunduki, nani atalinda?
Maana mafua hayajasikia habari ya amani.
Nandudu akarekebisha barakoa.
"Ndiyo maana tumekufungia, mzee."
Hata papai la Ezaru liliishia mlangoni.

Farasi, kuna jambo binti yangu halijui.
Alfajiri moja, Karamoja, tulizingira boma.
Tuliwatoa wanaume nje mmoja mmoja.
Bunduki ishirini na tatu, moja mbovu,
nikaziandika zote kwa mwandiko mzuri.
Na mimi, kwa Kiswahili hiki hiki, nikawaambia:
kuanzia leo ngao yenu ni serikali.
Mama mmoja hakunitazama uso. Alitazama buti.
Usiku wa nne wakaja wezi wa mifugo,
wakaswaga kila chenye kwato.
Sisi tulikuwa tumeshaondoka. Kulikuwa na amri nyingine.

Yule mama alitazama buti.
Mimi natazama mlango.
Kila anayekohoa koridoni namjua kwa umbali,
hatua kumi na mbili, kumi, saba,
na ndani yangu hakuna hata mmoja mwenye risasi.

Usiniulize kama nimepona. Ni mwezi wa tatu.
Damu ninayotembea nayo ni ya wanafunzi wa Wandegeya,
sijui hata majina yao.
Vidonge vinanitetemesha mkono, chai inajaa sahanini,
na ufizi umevimba kana kwamba nauficha ugoro.
Ila juzi Ezaru alisoma karatasi ya maabara,
akarudi juu, akaisoma tena:
chembe nyeupe, mia mbili wiki ile,
mia nne na kumi wiki hii.
Nandudu ameibandika ukutani kwa plasta.

Wakurutu hao. Sijui wamefunzwa nini,
wala kama watanikumbuka kuwa mimi ni wao.
Kila alfajiri, kabla taa za wadi hazijawashwa,
nawaitia gwaride kwa sauti iliyobaki:
Hesabu!
Kisha nanyamaza,
mkono juu ya mfupa wa nyonga,
nisikie nani ataitika.