Matukio Huru

Kafyu ikiingia, Bi Mwanamkuu hutia komeo
nasi wawili hubaki na unga hadi alfajiri.
Hakuna anayesema tumefungiwa.
Tunasema tuko zamu.

Shekue anasomea uuguzi, mwaka wa pili.
Mimi takwimu, mwaka wa tatu kwa mara ya pili,
maana ada ilikwenda kwenye kodi ya chumba hapa Mokowe
siku tulipohama Hindi na godoro moja na kuku watatu.

Nakanda. Mkono wa kulia una hamira,
wa kushoto una simu yenye ufa,
na sauti ya mhadhiri inakatikakatika, bando linakwisha:
chukulieni kwamba matukio haya ni huru,
moja halina habari na jingine.

Nilicheka hadi Shekue akazima feni anisikilize.
Huru vipi, mwalimu?
Msafara ukizuiwa, unga hauji;
unga usipokuja, Bi Mwanamkuu halipi;
asipolipa, jina langu halimo kwenye orodha ya mtihani.
Na msafara ukiruhusiwa
mama hali kitu
mpaka nimpigie kutoka Malindi.

Mtihani ni Jumatatu, saa nane mchana.
Nimepiga hesabu ubavuni mwa gunia, kwa kalamu ya risasi:
siku ambazo magari yalifika
nikazigawa kwa siku zote.
Jibu likatoka zuri, karibu na moja.
Nikalifuta kwa kiganja.
Katika zile chache zilizobaki nje
imo siku ya kaka yake Shekue.

Hakuniuliza nimeandika nini.
Alisema, umesahau chumvi.
Kisha akanishika kifundo cha mkono, kimejaa unga,
akaitaja mifupa yake minane, mmoja mmoja,
akakwama kwenye wa saba,
akaanza upya.

Jumatatu. Magari kumi na manne,
askari mbele, askari nyuma,
mkate wa moto mapajani mwangu.
Witu tunateremshwa, tunapanga foleni.
Kitambulisho, kijana.
Natoa cha chuo, hicho ndicho kilichokuwa juu.
Anakigeuza, anakinusa.
Mbona kinanuka hamira?

Nyuma yake mtu anakohoa.
Saa nne na robo.
Injini bado hazijawashwa.