Mwari wa Nyumba Kati

Chumba hiki hakijapata kuonana na jua.
Kuta zake ni dhiraa nzima ya matumbawe na chokaa,
mlango mfupi, huingii mpaka uuinamie,
na sakafuni tundu la maji, lenye mfereji
upitao chini ya ukuta, kwenda asikokujua mtu.
Hapa nilizaliwa. Hapa, Rajabu iliyopita,
tulimwosha baba.

Tangu siku ile mama huupita mlango huu
akitizama upande wa pili.

Mimi nikaleta taa.
Mbili, ndefu, nyeupe, kwa deni, duka la Famau,
nikazitundika kwa kamba ya katani.
Makumbi ya nazi nikayatwanga kinuni,
nikachanganya na samadi ya punda, kavu, iliyochekechwa,
nikajaza trei za mayai na vikopo vya mtindi,
kila tundu mbegu mbili: moja, na ya kuisindikiza.
Nyanya. Bilingani. Pilipili mbuzi.
Nje, jua la Januari huikaanga mbegu kabla haijatia nia,
na kuku wa jirani hawana subira.

Siku ya sita, shingo moja iliyopinda,
kama mtu aliyesujudu akachelewa kuinuka.
Kufikia Ijumaa miche ilikuwa thelathini na minane.

Nikakosea. Taa nilizitundika juu mno;
miche ikajinyoosha, myembamba, myeupe,
ikilitafuta jua ambalo halikuwa jua,
ikakatika kiuno. Kumi na mmoja niliitupa.

Usiku mwanga ulitokea tundu la ukutani
ukalala kichochoroni kama shuka lililoanguka.
Mkomani hapana siri ya kukaa siku tatu.
Kwa Mwana Zaina, ni jini ananisomesha.
Vijana wa barazani wakasema: hiyo bangi.
Jumatatu akaja askari, viatu mkononi kwa adabu,
akainama mlangoni, akachuma jani, akalifikicha,
akanusa.
"Nyanya," alisema, kama aliyedhulumiwa.
Kisha akauliza bei ya mche.

Mama alicheka. Nilimsikia kutoka msana wa chini.
Kesho yake akasimama kizingitini:
"Hilo ni yua la urongo."
Nikamwambia, mama, na mwari je?
Hukufichwa humu wewe, jua lisikuone,
ukatolewa unang'aa?
"Mimi nalikuwa na liwa," akasema, "na shangazi watatu,
na mtu wa kuniimbia. Hii huimbiwa na nani?"
Akaenda zake.

Tokeni ziliisha usiku wa manane.
Giza likarudi mahali pake; lilijua kila pembe.
Nikakaa. Nikasikia maji yakidondoka kutoka trei,
yakishukia tundu lile, mfereji ule,
njia ya maji ya baba.
Sikuwa nimelifikiria hilo. Au nililifikiria,
nikakichagua chumba hiki vivyo hivyo.

Alfajiri nikapanda darini kutafuta mtandao,
maana kuta hizi hazipitishi hata simu,
nikanunua tokeni za mia mbili.
Niliporudi taa zilikuwa zimewaka, na mama yumo,
magoti chini, leso kiunoni,
akipima kwa vidole toka jani mpaka taa.
"Ziko yuu sana," alisema bila kunigeukia.
"Zishushe."

Wiki hii tunaianika miche kiwandani:
leo saa moja kivulini, kesho mbili,
keshokutwa jua la asubuhi, la kweli.
Upepo unaitikisa, mimi naogopa;
mama anasema iwache, itie mifupa.
Bilingani haukuota hata mmoja.
Famau anataka nusu ya pesa zake.

Jioni mama huzirudisha trei ndani,
moja moja, akiinama mlangoni,
na kila aingiapo
hutoa salamu.