Bonyeza Saba Kufuta

Barabara ya Enterprise, saa mbili na robo.
Ekai langoni ananiandika daftarini: Nyaboke, fundi wa simu,
kisha anakata "fundi", anaandika "mgeni",
maana kitambulisho changu cha kazi kimepauka hata sura haionekani.

Mtambo wameufungia stoo, nyuma ya pampu za maji.
Taa moja, ya kijani, inapepesa.
Nyingine, nyekundu, imekaza jicho.
Bi Shamim wa uhasibu amesimama mlangoni na kikombe chake:
"Wateja wanalia. Wakipiga wanaambiwa kisanduku kimejaa,
halafu wanakatiwa. Sisi hata hatujui kimejazwa na nani."

Haba na haba, mama, hujaza kibaba.
Karani aliyejua nambari ya siri aliacha kazi
akaondoka nayo kichwani,
kama mpangaji aliyehama na ufunguo mfukoni.

Nakagua nilivyofunzwa:
umeme kwanza, usidharau umeme;
nyaya, na ule wa buluu panya ameuonja;
betri ya akiba, tumbo limeivimba;
kisha saa.
Saa ya mtambo huzimika umeme ukipotea,
ukirudi inaamka ikidhani ni Januari mosi.
Kwa hiyo kila aliyewahi kupiga hapa
alipiga siku ya Mwaka Mpya.

Jumbe tisini na tisa.
Mwenye kampuni anataka zisikilizwe kabla hazijafutwa.
"Huenda kuna oda."
Nakalia katoni ya vali, naziba sikio moja.

Wa kwanza: mtu wa Mwea, pampu imekataa kuvuta, mpunga unakauka.
Wa pili: yeye yule, sauti imeshuka.
Wa tano: yeye yule. Sasa anataka pesa zake tu.
Wa kumi na mbili ni kuku, na mlango,
na mtu asiyejua kwamba ameikalia simu yake.
Wa arobaini, mtoto: baba ameshatoka kazini?
Saba. Saba. Saba.
Jina la mtu wa Mwea naliandika pembeni, na nambari yake,
ingawa mpunga haungoji karatasi.

Wa tisini na tatu unaanza kwa kikohozi.

"Habari za asubuhi. Naitwa Nyaboke Momanyi.
Nina cheti cha ufundi wa simu. Nilileta barua
wiki iliyopita, mlinzi akaipokea. Nimeona nifuatilie.
Napatikana wakati wowote. Wakati wowote kabisa."

Januari mosi, mtambo unasema.
Haikuwa Januari. Ilikuwa mvua ya Aprili, Mukuru,
chini ya bati la mchomelea vyuma,
nikimwomba kwa mkono anyamazishe mashine yake kidogo.
Salio la shilingi ishirini,
na kumi na moja zililiwa na salamu ya karani:
simu yako ni muhimu sana kwetu.

Bonyeza saba kufuta. Tisa kuhifadhi. Nyota kurudia.

Nyota.
Wakati wowote kabisa.
Ile "kabisa" nani alinifundisha?
Nyota, tena.
"Kuna oda?" Bi Shamim anaita kutoka kwenye hesabu zake.
"Ilikuwepo," najibu. "Ya Mwea."
Saba.

Betri mpya. Waya mpya, juu, panya asikofika.
Saa nairekebisha kwa saa ya mkononi mwangu.
Nambari ya siri naiandika, naitia bahasha, naifunga gundi,
ikae sefuni, isikae tena kichwani mwa mtu.
Halafu napiga kwa simu yangu, kujaribu:
moja, mbili, moja, mbili, mnanisikia?
Una ujumbe mmoja mpya, mtambo unasema. Leo. Saa sita na dakika nane.

Kwenye ankara naweka betri, waya, kazi,
na mstari wa mwisho: kusikiliza, jumbe tisini na nane.
Bi Shamim anainua miwani.
"Kumbe kusikiliza nako kunalipiwa?"
"Kunalipiwa."
"Na si zilikuwa tisini na tisa?"
"Mmoja," namwambia, nikifunga mkoba wa bisibisi,
"ulikuwa wangu."